Mjusi wa Tendaguru akirudi kesho, nani atamtunza?

Tangu Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aende Songea tarehe 1 Novemba 2023 akasimama mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Majimaji na kuomba msamaha, mjadala wa mali zetu zilizoko Ulaya haujapoa. Ukipita mtandaoni au ukikaa kijiweni Posta utakuta watu wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema vyote virudi na virudi sasa hivi, mjusi wa Tendaguru (yule dinosaria aliyechimbwa Lindi ambaye mifupa yake iko makumbusho ya Berlin), mafuvu ya babu zetu, ngoma, vigoda, mikuki, kila kitu. Alafu kuna wanaosema jamani tuviache huko huko, sisi hatuna uwezo, vikija huku vitaliwa na mchwa au vitauzwa mlango wa nyuma. Nimeufuatilia sana huu mjadala na kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinaongelea majengo, ndege, mikataba na hela, ila hamna anayemtaja mtu ambaye bila yeye hayo yote ni kazi bure, yaani mhifadhi. Sio askari wa wanyamapori na sio mkurugenzi wa makumbusho, nasema yule anayevaa glavu akakaa na kitu chenyewe mezani, anajua kimetengenezwa na nini, kinaumwa nini, na afanye nini ili kiishi miaka mia nyingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vitu virudi, hilo kwangu halina mjadala, vilichukuliwa kwa nguvu na kwa hila na wenyewe tupo. Lakini swali la uwezo ni swali la kweli na tunalijibu vibaya. Uwezo wa kutunza sio jengo wala sio hali ya hewa, ni watu waliosomea hiyo kazi wakakaa nayo miaka ishirini, thelathini, wanalipwa, wana vifaa, na wana vijana chini yao wanaowarithisha ujuzi. Hao tusipowaandaa, vitakavyorudi vitaharibika, na sio hivyo tu, hata tulivyonavyo tayari humu ndani na vile vilivyolala chini ya bahari yetu vinaendelea kufa wakati sisi tunabishana kuhusu Berlin.

Nianze na bahari manake hapo ndo kazi ya mhifadhi inaonekana waziwazi na ndo sehemu watu wengi hawaijui kabisa. Wengi wanadhani kitu kikishatolewa kwenye maji kimeokolewa. Ni kinyume chake, siku kinatolewa ndo siku kinaanza kuharibika kwa kasi. Pwani yetu hii kuanzia Mbweni, Kunduchi mpaka ng'ambo ya Kigamboni meli na majahazi yamepita karne nyingi, kwahiyo sio ajabu mvuvi kukuta kwenye wavu kipande cha mtungi au sahani ya zamani. Niliwahi kuona mtungi wa namna hiyo umewekwa barazani kwa mzee mmoja Kunduchi, kwa mbali mzuri kweli, wa kijani kibichi, ila ukisogea karibu unaona umetoka unga mweupe kwenye shingo na ile rangi ya juu inabanduka vipande vidogo vidogo kama magamba ya samaki, ukipitisha kidole vinabaki kidoleni. Mzee alisema alipoutoa ulikuwa unang'aa. Na alikuwa anasema kweli. Ule unga ni chumvi. Mtungi umekaa baharini miaka mingi, maji ya chumvi yameingia kwenye vitundu vyake vyote, sasa ukiuanika juani maji yanakimbia chumvi inabaki, inajikusanya inakuwa punje ngumu, punje zinataka nafasi, zinasukuma, na kitu cha kwanza kuachia ni ile rangi ya juu inayong'aa. Mhifadhi angeupokea ukiwa bado umelowa, angeuacha kwenye maji, angepunguza chumvi kidogo kidogo kwa kubadilisha maji mpaka yawe hayana chumvi kabisa, anapima kila mara chumvi inayotoka imebaki kiasi gani, wiki kwa wiki, wakati mwingine miezi, na hapo ndo angeanza kuukausha taratibu kivulini. Ndoo, maji, kipimo na subira. Hamna teknolojia ya kutisha hapo, kuna mtu anayejua tu.

Chuma ni kibaya zaidi. Tufe la mzinga likitoka baharini linaonekana gumu kama lilivyo, unalibeba unapiga nalo picha, miezi inapita linaanza kutoa jasho la rangi ya kutu na linapasuka lenyewe mezani, kwa sababu ile kloridi ya chumvi imejificha ndani kabisa na ikikutana na hewa inatengeneza asidi inayokula chuma kutokea ndani. Tiba yake ni kukiweka kitu kwenye kostiki soda, hiyo hiyo wanayotumia watengeneza sabuni, wakati mwingine unapitisha na umeme mdogo, unabadilisha maji, unapima, na vitu vikubwa vinachukua miaka. Mbao nazo zina udanganyifu wake. Mbao ya meli iliyokaa majini karne tatu ukiishika unahisi ni mbao, kumbe ndani bakteria wameshaila, kilichobaki kinashikiliwa na maji yenyewe, ukiikausha inasinyaa na kupasuka hovyo. Ndo maana wahifadhi wanaweka badala ya maji aina ya nta inayoyeyuka kwenye maji, inaitwa polietilini glaikoli, inaingia polepole kwenye mbao na kushikilia umbo.

Polepole kiasi gani? Meli ya Vasa ya Sweden ilizama 1628 ikaibuliwa 1961. Ilinyunyiziwa hiyo dawa kwa miaka 17, kuanzia 1962 mpaka 1979, alafu ikachukua miaka mingine karibu tisa kuikausha, na makumbusho yake yakafunguliwa 1990. Mary Rose ya Uingereza ilizama 1545, ikaibuliwa 1982, mabomba ya kunyunyizia yakazimwa 2013. Kule Marekani mnara wa chuma wa meli ya kivita USS Monitor, lile jumba linalozunguka la mizinga, uliibuliwa 2002 na mpaka leo uko kwenye tangi unatibiwa. Sasa jiulize, kijana aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 kushika lile bomba la Vasa alimaliza akiwa mtu mzima mwenye wajukuu karibuni. Hii ni kazi ya kurithishana, mmoja anaandika kwenye daftari alichofanya leo ili mwenzake baada ya miaka kumi ajue. Na hapa ndo naona tatizo letu kubwa lilipo. Sisi tumezoea mradi wa miaka mitatu. Mfadhili anakuja, semina inafanyika hotelini, vijana wanapewa vyeti, vifaa vinanunuliwa, mradi unaisha, yule kijana anaenda kufanya kazi benki kwa sababu hakuna nafasi ya ajira yenye jina hilo, na kifaa kinakaa kabatini mpaka betri inavimba. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kuzaa mhifadhi, sawa na ambavyo hauwezi kuzaa daktari bingwa wa upasuaji.

Turudi kwa wanaosema hatuna uwezo, manake hoja yao ina sura mbili na zinachanganywa. Sura ya kwanza ina uzito na naikubali. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani Zanzibar iliporomoka, jengo la Sultani Barghash la 1883, watu walipoteza maisha, na ndani kulikuwa na makumbusho. Jengo lilikuwa kwenye matengenezo wakati linaanguka. Mtu akikuonesha lile halafu akakuuliza mko tayari kupokea vitu vingine huwezi kumwambia ana chuki. Ni swali halali na anayelikwepa haipendi nchi zaidi ya anayeliuliza.

Sura ya pili ndo dhaifu, ile inayosema Mwafrika kwa asili yake hawezi kutunza na Mzungu kwa asili yake anatunza. Hii haisimami hata dakika moja. Fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai 1959, moja ya mafuvu muhimu kuliko yote duniani kwenye historia ya binadamu, lipo hapa hapa Dar, Makumbusho ya Taifa, na lipo salama. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa 1954, lipo Kalenga mpaka leo, zaidi ya miaka sabini. Kwa upande wa pili, jumba lenyewe la Berlin ambalo mjusi wetu amesimama, ubavu wake wa mashariki ulipigwa bomu Februari 1945 ukabaki gofu mpaka ulipofunguliwa upya 2010. British Museum mwaka 2023 ilikiri kwamba vitu karibu 2,000 havionekani, vimeibwa au vimeharibiwa, ndani ya stoo zake wenyewe London. Hata hiyo Vasa niliyoisifia, mwaka 2000 baada ya kiangazi chenye mvua nyingi na wageni wengi kuingia na nguo zilizolowa wakakuta mbao zinatoa chumvi za asidi, ikabidi wabadilishe mfumo mzima wa hewa. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao kitu kikianza kuumwa kuna mtu ameajiriwa kukiangalia kila siku, kwahiyo anaona mapema.

Kuna jambo moja kuhusu mjusi mwenyewe ambalo naona halisemwi kabisa. Ile mifupa ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi mamia kwa mamia mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini, zaidi ya tani 200. Wachimbaji walikuwa watu wetu. Na sio kuchimba tu, mfupa wa kale ukiutoa ardhini bila kuushika vizuri unabomoka, kwahiyo kusafisha kwa uangalifu, kuupaka udongo au plasta, kuufunga, kuuandikia namba, hizo zote ni kazi za uhifadhi na zilifanywa na mikono ya Watanganyika pale pale porini, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani ambaye Wajerumani wenyewe waliandika jina lake. Yule mjusi asingefika Berlin mzima bila ujuzi huo. Aliposimamishwa upya 2005 mpaka 2007 walimshusha mfupa mmoja mmoja, wakatibu, wakamtengenezea fremu mpya ya chuma. Fuvu mnaloliona kule juu kabisa kwenye mita zaidi ya 13 ni nakala, manake la asili ni dhaifu mno kuning'inizwa. Kwahiyo mtu anaposema arudi, na mimi nasema haki yetu iko pale pale, ajue anaongelea kazi ya timu nzima kwa miaka, kumshusha, kumfunga, kumsafirisha, kumsimamisha, na kumwangalia kila mwaka baada ya hapo.

Sasa niwageukie na wenzangu wa kundi la kwanza, virudi kwanza mengine tutajua mbele. Hapa kuna hatari ambayo ni ya afya za watu. Makumbusho ya Ulaya kwa miongo mingi yalikuwa yanapambana na wadudu, na dawa zao zilikuwa aseniki, zebaki, baadaye DDT na nyinginezo. Walivipaka na kuvipulizia vitu vya mbao, ngozi, manyoya, nguo, na sumu hizo nyingine haziishi, zipo mpaka leo kwenye kigoda, kwenye kinyago, kwenye ngoma. Wahopi kule Arizona, Marekani, waliporudishiwa vitu vyao vya ibada miaka ya 1990 wakagundua baadaye kwamba vina aseniki, vitu ambavyo kwao vinavaliwa na kushikwa na kurudishwa kwenye maisha. Sasa fikiria ngoma ya kichifu imerudi, ukoo umekusanyika, wazee wanaishika kwa mikono mitupu, inapigwa, vumbi linapanda, watoto wapo pembeni wanakula. Huyo ni mhifadhi ndo anatakiwa awe amesimama kati ya boksi na ukoo, anapima kwa kile kifaa cha mkononi cha eksirei kinachoonesha kama kuna aseniki au zebaki, na DDT inahitaji vipimo vya maabara tofauti kabisa, alafu anawaambia wazee kwa heshima kwamba hii mnaweza kuishika hivi na hii bado. Bila huyo mtu tunaweza tukapokea heshima yetu pamoja na ugonjwa.

Kuna hoja ya tatu naisikia sana na siipuuzi, kwamba nchi yenye shida ya madawati na dawa hospitali haina hela ya kuchezea na vyungu. Ningekubali kama uhifadhi ungekuwa ni maabara ya mabilioni. Sehemu kubwa ya uhifadhi ni kuzuia, na kuzuia ni rahisi kwa bei. Paa lisivuje. Maboksi yasiyo na asidi, vitu visilazwe sakafuni. Kitu cha mbao chenye wadudu unakifunga kwenye plastiki unakiweka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri wiki moja hadi mbili wadudu wanakufa bila sumu yoyote. Vile vijifuko vya kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu, ukijua kuvitumia vinaokoa chuma na sarafu. Na hapa nitoe mfano ambao kila mtu wa Dar ataelewa, AC. Ofisi nyingi zenye vitu vya kale zinajivunia kufunga AC, inawashwa asubuhi inazimwa jioni, umeme ukikatika inazima, ukirudi inawaka. Mchana hewa imekauka usiku unyevu wa Dar unarudi wote, mbao inanywea na kuvimba kila siku, kitabu kinajikunja, rangi inapasuka. Bora chumba chenye madirisha mazuri kinachopitisha hewa chenye unyevu usioyumba kuliko hiyo AC. Mhifadhi aliyesoma vizuri anaweza kukuokolea hela ya AC, ya umeme, na vitu vyenyewe. Asipokuwepo unanunua mashine ya gharama inayoharibu ulichotaka kulinda.

Na ukitaka kuona kwamba ukanda wetu unaweza, nenda Mombasa, Fort Jesus. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama pale mbele ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira. Kuanzia 1977 mpaka 1980 ilichimbwa chini ya maji, vitu vikatolewa na kutibiwa, vingi mnaviona pale makumbusho. Ila lile umbo lenyewe la meli, zile mbao kubwa, waliliacha chini. Huo uamuzi ndo naupenda kuliko vyote, manake walijua kuitoa ni kuingia mkataba wa miaka thelathini wa madawa na mabomba ambao hawakuwa nao, na meli iliyofunikwa mchanga chini ya maji inaishi kuliko iliyotolewa vibaya. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulioko chini ya maji nao unataka kuacha mahali pake kufikiriwe kwanza. Kwahiyo nusu ya kazi ya mhifadhi ni kusema msitoe, na kusema hivyo mbele ya waziri, kamera na mfadhili kunahitaji mtu mwenye cheo na ajira ya kudumu, sio mtu wa kibarua.

Sisi hatukuwa na mtu wa kusema hivyo kule Rufiji. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa kwenye delta tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa ikakarabatiwa kwenye karakana hapa Dar es Salaam na ikapigana nchi kavu. Leo ukitaka kuiona iliyobaki nenda Pretoria, nenda Jinja, nenda Mombasa. Mwili wa meli nao miaka ya 1960 ukakatwakatwa kwa ajili ya vyuma chakavu na kilichobaki kikamezwa na tope. Sheria yetu ya Malikale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwahiyo meli ya 1915 inasubiri mtu aitangaze rasmi ndo ilindwe. Huo mwaka 1863 unaacha nje Majimaji yote, vita ya kwanza yote, meli zote za chuma. Wabunge wanaouliza kila mara kuhusu mjusi, na wana haki ya kuuliza, wangeuliza na hili, manake hili halihitaji ruhusa ya Berlin.

Linganisha na Liemba. Meli ile ililetwa vipande vipande Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Ziwa Tanganyika 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mashine grisi nene kila mahali. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na ikabeba watu karibu karne nzima. Maji baridi yalisaidia, ndiyo, baharini isingekuwa hivyo. Lakini kilichoiokoa ni fundi aliyefikiria kesho siku ile ile anaiangamiza.

Kuhusu Kilwa sina budi kusema kwa sababu watu wananiuliza kama mambo si yamekuwa mazuri. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia urithi wa dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa 2014 baada ya kuta kushughulikiwa na mikoko kupandwa kuzuia bahari isiendelee kula ngome ya Gereza. Kazi nzuri na waliofanya wengi ni mafundi wa pale pale. Miaka ya karibuni magofu mengi yamewekwa chini ya taasisi za wanyamapori na misitu, Kilwa ikaenda TAWA, Kaole ikaenda TFS. Nasema kwa haki, zimeleta usafi, barabara, ulinzi na watalii. Ila ukuta wa matumbawe una sheria zake. Umejengwa kwa chokaa, unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Fundi asiyejua akija na mfuko wa saruji akaziba ufa, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, vinatafuta njia, na jiwe la zamani lililo pembeni ya saruji ndo linamomonyoka. Miaka mitano ukuta unaonekana umepona, wa kumi unaanguka kipande kizima. Wingi wa watalii hauwezi kukuonesha hilo, kuna mtu anatakiwa ajue kuchoma na kuivisha chokaa, na mafundi wa chokaa wanazeeka.

Kwahiyo nikifikiria hatua, naona ziko wazi kuliko tunavyojifanya. Akiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1985, tuna wachimbaji wazuri wanaojulikana duniani, lakini kuchimba na kutibu ni fani mbili, na anayechimba bila mtibu nyuma yake anazalisha wagonjwa. Inatakiwa kozi ya uhifadhi wa vitu yenye kemia ya kutosha, na la muhimu kuliko kozi, muundo wa ajira serikalini wenye jina hilo na ngazi za kupanda, ili mtu akianza kama msaidizi aone anaweza kustaafu akiwa mhifadhi mkuu bila kulazimika kuhamia utawala ndo apate mshahara. Wapo wachache sasa hivi, nawajua baadhi, wanajinunulia glavu wenyewe, na wakistaafu daftari zao zinaenda nyumbani nao. Wapewe vijana wawili wawili sasa hivi kabla hawajaondoka.

Alafu Wajerumani. Wakija na ofa ya ushirikiano, badala ya maonesho mengine ya pamoja ya miezi sita, tuombe nafasi za mafunzo ya miaka mitano mitano kwenye maabara zao, kwa vijana wenye barua ya ajira mkononi huku nyumbani. Na tuombe rekodi za matibabu za kila kitu kilichotoka Tanganyika, tangu kilipofika. Rekodi hizo hazihitaji kusubiri maamuzi ya nani mmiliki, zinaweza kuombwa wiki hii. Kwenye ujumbe wa mazungumzo najua watakuwepo wanasheria, wanahistoria na mabalozi, na kila mmoja ana kazi yake. Ila pale pale mezani akae na mhifadhi mmoja wa Kitanzania, ambaye kila kitu kikitajwa anauliza: mlikipaka nini, mwaka gani, kiasi gani, na mara ya mwisho mmekipima lini.